Flashi imegoma kusomwa na kompyuta, naomba msaada kabla ya Jumamosi

Mwana wa Kibosho (mleta mada), Jumatano saa 2:10 usiku
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, Pasua. Nina flashi ya GB 64, mwaka wa pili huu naitumia na haijawahi kunisumbua. Tangu juzi nikiichomeka kwenye laptopu inalia ule mlio wa kuingia, halafu inakuja meseji kwamba kifaa hakitambuliki. Nimejaribu poti zote tatu. Nimeenda stationery ya hapa mtaani, hali ile ile. Nimeichomeka hadi kwenye sabufa la jirani, kimya. Ndani kuna nyimbo za kwaya, picha picha, na faili moja ambalo nalihitaji Jumamosi saa nne asubuhi bila kukosa. Kuna fundi Arusha nimeshaongea naye, ila nimeona nipate kwanza mawazo yenu. Natanguliza shukrani.

Kisusio cha Moto
Nimeshika siti ya mbele. Muuza karanga pita huku.

Fundi wa Mbuyuni
Kabla hujapanda gari kwenda Arusha jibu haya. Taa yake inawaka? Ukiishika baada ya dakika moja ina joto? Na siku ilipozima ilikuwa inafanya nini?

Nauliza kwa sababu flashi haziumwi ugonjwa mmoja. Kuna ile kompyuta haiioni kabisa. Hapo unaanza na umeme: badili poti, kama ni kompyuta ya mezani tumia za nyuma, na usipitie kwenye habu, ile ya kugawa poti moja kuwa nyingi. Kuna ile inaonekana lakini haikupewa herufi yake, kama E au F. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, ukiikuta kwenye orodha ipe herufi, kazi imeisha. Kuna ile inayokuambia uifomati kwanza, yaani uifute ianze upya. Hiyo mafaili yapo, iliyovurugika ni ramani tu, kwa hiyo USIKUBALI, tafuta TestDisk au PhotoRec, programu za kuokoa mafaili, zote za bure. Yako inayolia halafu inasema haitambuliki, mara nyingi ni mwili unaoumwa. Sasa nijibu.

Chalii wa Ngarenaro
Arif hizo flashi ni za kuangalia sana. Mimi niliuziwa ya GB 512 kwa elfu kumi na tano dirishani mwa basi, pale Bomang'ombe. Kompyuta ikasoma 512 kweli, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kumbe chipu ya ndani ni ya GB 8, wameidanganya tu ile kontrola, chipu inayoiongoza flashi, iseme uongo. Mpaka hapo nimejaza muvi, nikifungua moja inacheza dakika mbili inaganda, nyingine haifunguki kabisa. Siku hizi nikinunua napima kwanza na programu ya H2testw, inaijaza yote halafu inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Hiyo yako ni ya basi, nakuhakikishia.

Mwana wa Kibosho
Yangu nilinunua dukani na risiti ninayo. Tusitoke kwenye mada.

Mama Neema wa Njiro
Pole mdogo wangu. Hayo yalinikuta 2014 namalizia digrii hapa Arusha. Utafiti wangu wote kwenye flashi, nakwenda kuprinti karibu na Stendi Ndogo, naifungua, kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato ya kilobaiti mbili. Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya simenti nikalia. Kijana wa kaunta hakusema neno, akafungua lile dirisha jeusi, akaandika attrib -h -r -s /s /d g:\*.* na folda zangu zikarudi zote. Kirusi kilikuwa kimezificha tu, hakikufuta kitu. Nilimnunulia chipsi mayai na soda. Leo ndiye baba Neema.

Ila nikuulize, nakala ya pili iko wapi? Watu wazima mnatembea na maisha yenu yote kwenye kitu kidogo kuliko kiberiti.

Kisusio cha Moto
Mama Neema umeolewa kwa attrib. Nimeikopi hiyo komandi, nahamia stationery kesho.

Fundi wa Mbuyuni
Mleta mada, hujanijibu hata moja.

Mwana wa Kibosho
Samahani mkuu, mtandao. Siku ya kwanza taa iliwaka, leo haiwaki. Joto hakuna. Ilipozima ilikuwa inatumika kawaida tu. Ila kichwa chake cha chuma kimeinama kidogo. Nilikinyoosha na koleo.

Fundi wa Mbuyuni
"Kimeinama kidogo." Umekaa na hilo tangu saa mbili mkuu?

Sikiliza. Kile kichwa kina miguu minne midogo iliyochomelewa kwenye bodi. Miwili ya nje ni ya umeme, volti 5. Miwili ya kati ni ya data. Kichwa kikiinama, risasi ya kuchomelea inapasuka. Siku ya kwanza ya umeme ilikuwa imeshika na ya data imeachia, ndiyo maana taa iliwaka na kompyuta ikasema haiitambui: inaona kuna mtu mlangoni lakini haongei. Wewe ukaja na koleo ukakata na ya umeme. Acha kuigusa. Chipu yenyewe yawezekana ni nzima kabisa. Mtu mwenye hadubini na mkono mtulivu anachomelea waya nne nyembamba kama unywele, unakopi mafaili, flashi unatupa.

Ukiifungua ganda ukakuta bodi yenye chipu nyeusi na kontrola pembeni, una bahati. Ukikuta kipande kimoja kilichomiminwa cheusi chote, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Mwana wa Kibosho
Asante mkuu kwa elimu. Ila yule fundi wa Arusha kaniambia ataifomati kwanza ikubali, halafu atavuta mafaili. Elfu sitini. Nimeshamtumia thelathini.

Fundi wa Mbuyuni
Ataifomatije flashi ambayo kompyuta haiioni? Na akipata njia ya kuifomati, kwa nini aanze na hilo kabla ya kukopi? Hiyo thelathini ihesabu ni sadaka.

Mwana wa Kibosho
Ana watu wengi wanaomsifia. Na hela imeshatoka, siwezi kuiacha hivi hivi.

Mzee wa Kiborloni
Vijana, mimi si mtaalamu wa hayo mashine. Nauliza kitu kimoja. Kichwa cha chuma hakiinami chenyewe. Kiliinamaje?

Mwana wa Kibosho
Shikamoo mzee. Nilifunga laptopu kwa haraka nikainuka, goti likagonga.

Mzee wa Kiborloni
Marahaba. Haraka ya nini?

Mwana wa Kibosho
Binyamu wangu aliingia chumbani bila kubisha. Alikuwa ananiletea chai.

Kisusio cha Moto
Jamani Kilimanjaro Chipsi Mayai na Chai, uzi umepata hadi menyu.

Mama Neema wa Njiro
Mtoto wa watu akiingia na chai, mtu mwenye amani anafunga laptopu hadi flashi inakunjika? Ulikuwa unaangalia nini?

Mwana wa Kibosho, saa 4:35 usiku
Siyo mnayofikiria. Basi niseme. Ni video ya babu. Alirekodiwa mwezi mmoja kabla hajafariki, dakika 40, ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi, anaeleza kihamba, shamba letu la ukoo, kigawanywe vipi. Jumamosi ni kikao cha ukoo, watu wanatoka hadi Dar na Mwanza, video inatakiwa kuonyeshwa. Mimi ndiye niliyepewa niitunze. Sasa mnaelewa presha yangu. Naombeni turudi kwenye flashi.

Mama Neema wa Njiro
Video ya babu unaificha kwa sababu gani?

Mwana wa Kibosho
Sikuificha. Nilikuwa naifupisha. Dakika 40 wazee watalala. Kuna sehemu babu anarudia rudia, anakohoa, anaomba maji.

Mzee wa Kiborloni
Na sehemu nyingine?

Mwana wa Kibosho
Kuna dakika kama tatu anasema upande wa chini wa migomba, kuanzia mfereji, ni wa shangazi asiondolewe na mtu. Wakuu, babu alikuwa mgonjwa. Baba yangu ndiye kitinda mimba, na kwa mila yetu nyumba ya wazee ni ya kitinda mimba, kila Mchaga humu anajua. Shangazi aliolewa Rombo, akarudi. Ni kweli alimuuguza babu miaka sita, hilo sikatai. Ila nilikuwa naangalia tu kama inawezekana kutoa. Sikuwa nimesevu.

Chalii wa Ngarenaro
Aisee.

Wakili wa Miguu
Nikusaidie usilolijua. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao halitakuwa flashi, litakuwa nani alikaa pale siku ile. Pili, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, lakini mahakama inapima jinsi ulivyotunzwa. Video iliyokatwa dakika tatu katikati umeiua mwenyewe, na zile dakika zinazokufaa wewe zinakufa nayo. Tatu, hoja ya kwamba mwanamke hana haki kwenye ardhi ya ukoo, Jaji Mwalusanya aliitupa pale Mahakama Kuu Mwanza 1990, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa mwanamke haki sawa. Inbox iko wazi, ushauri wa kwanza bure.

Mwana wa Kibosho
Sijaomba wakili, nimeomba fundi.

Mpekuzi wa Nyuzi
Wakuu poleni kwa kuchangia kwa hisia. Hii ni chai, tena ya rangi. Mwezi wa pili huyu huyu alileta uzi wa kuomba ushauri wa kununua bajaji, akasema yeye ni mzaliwa wa Tanga, yupo Tabata, hana ndugu wala jamaa. Leo ana babu, shangazi, binyamu na kihamba Kibosho. Flashi imeinama, simu iliyorekodi bila shaka imeibiwa, na kikao ni Jumamosi. Huyu anatunga.

Kisusio cha Moto
Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Karanga zimeisha.

Chalii wa Ngarenaro
Na mimi nilishangaa. Mtu ana risiti ya flashi? Nani anatunza risiti ya flashi Tanzania hii?

Mwana wa Kibosho
Ule uzi wa bajaji aliandika mpangaji mwenzangu, nilimwazima akaunti. Na simu haijaibiwa. Ilikuwa ya binyamu, ilijaa, akaifuta video baada ya kunipa mimi.

Mpekuzi wa Nyuzi
Akaunti inaazimwa kama jembe?

Mama Neema wa Njiro
Ngoja kwanza. Aliyeirekodi ni huyo binti aliyekuletea chai? Mtoto wa shangazi? Akakupa wewe uitunze, akafuta ya kwake?

Mwana wa Kibosho
Ndiyo.

Mama Neema wa Njiro
Mimi nalala. Usiku mwema.

Fundi wa Mbuyuni
Iwe chai, iwe uji, flashi zilizoinama vichwa naletewa kila wiki, kwa hiyo haya mtu mwingine atayatumia. Mleta mada, kama ipo kweli, usiinyooshe tena, usiitie kwenye mchele, haikulowa, na usimpe mtu anayeanza na kufomati. Ikishachomelewa kazi ya kwanza ni kukopi, hakuna kufungua faili wala kucheza. Uliza mafundi simu wa hapa hapa Moshi wanaobadili chipu za chaji, ni mkono ule ule. Kama hukusevu ulipokuwa unakata, faili la zamani liko vilevile lilivyokuwa.

Mpekuzi wa Nyuzi
Fundi una moyo. Mimi nasubiri picha ya flashi.

*(Picha imewekwa na Mwana wa Kibosho, Alhamisi saa 12:50 asubuhi: flashi nyeusi juu ya kitambaa cha meza cha kufuma, kichwa kimekwenda kushoto, alama za meno ya koleo pande zote mbili.)*

Kisusio cha Moto
Duh. Hii umeinyoosha au umeing'oa jino?

Mpekuzi wa Nyuzi
Flashi nimekubali. Babu bado.

Mwana wa Kibosho, Ijumaa saa 11:20 jioni
Mrejesho. Sikwenda Arusha. Thelathini yangu jamaa hapokei simu, msinicheke. Nimempata kijana hapa mjini, kaifungua ganda nikiwa nimesimama pembeni, bodi ilikuwa ya kawaida, chipu peke yake. Miguu mitatu kati ya minne ilikuwa imeachia. Kachomelea waya dakika ishirini hivi, elfu kumi na tano. Taa imewaka, laptopu imesoma, video ipo, dakika 40 zote. Kijana aliigusa ikaanza kucheza, sauti ya babu ikatoka pale dukani mbele za watu, akiomba maji.

Sasa imegoma kitu kingine. Nimenunua flashi mpya ya GB 16, haina kitu ndani, lakini video ya GB 5 haikubali kuingia. Inasema faili ni kubwa mno, wakati nafasi naiona. Zile waya nimeambiwa hazitadumu. Kuna namna bila kuikata?

Fundi wa Mbuyuni
Hiyo mpya imekuja na FAT32, mpangilio wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Ifomati HIYO MPYA iwe exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa, angalia herufi mara mbili usije ukafomati ya babu. Halafu kopi kwenye laptopu pia. TV za zamani nyingine hazisomi exFAT, kwa hiyo kesho nenda na laptopu yenyewe. Usikate.

Mama Neema wa Njiro
Na nyingine mrushie binyamu wako usiku huu huu.

Mwana wa Kibosho
Simu yake imejaa.

Mama Neema wa Njiro
Mnunulie flashi.