Wauza adapta za Wi-Fi Mwanza, kwa nini mnatuuzia za bendi moja na ruta zetu ni za bendi mbili?

Wakuu, habari za jioni. Nimekasirika na sitaki kuzunguka.

Hapa Mwanza mjini ukiingia dukani ukaomba adapta ya Wi-Fi ya kompyuta ya mezani, hakuna anayekuuliza ruta yako ni ya aina gani. Muuzaji anavuta droo, anakupa kidude cha ukubwa wa ukucha, anakwambia "hii inakubali ruta zote, boss". Unachomeka, unaona jina moja tu la mtandao wako. Ruta ya bendi mbili inarusha kwenye masafa mawili ya mawimbi, 2.4 GHz na 5 GHz. Lile jina la 5 GHz halipo, na halitakuja hata ungoje mwaka mzima, maana ulichouziwa ni cha kiwango cha zamani cha Wi-Fi, 802.11n, cha bendi moja. Kinasikia 2.4 GHz, basi.

Mimi nina steshenari Buhongwa. Vijana wanakuja kuomba vyuo na mikopo, foleni inatoka nje. Faiba nailipia kila mwezi, simu yangu kwenye 5 GHz inakimbia vizuri kabisa, ila kompyuta ya kazi inajikokota. Mtoto wa watu anapakia cheti cha kuzaliwa, mfumo unamtoa nje kabla faili halijamaliza kupanda. Analipa tena nauli kurudi kesho. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilirudi dukani. Nikaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu nikaambiwa tatizo ni ruta, ninunue adapta ya kampuni ileile iliyotengeneza ruta. Uongo mtupu! Wi-Fi ni kiwango cha pamoja, kampuni yoyote inaongea na kampuni yoyote. Hata adapta ya Wi-Fi 6 (802.11ax) inafanya kazi na ruta ya kiwango cha nyuma yake, Wi-Fi 5 (802.11ac), ila kwa mwendo wa ile ya zamani.

Kinachotakiwa kutajwa ni bendi. Boksi likiandikwa N150, ni 2.4 GHz peke yake. AC600 maana yake kasi ya 150 Mbps kwenye 2.4 GHz na 433 kwenye 5 GHz. AC1200 ni 300 na 867. Wanajumlisha namba hizo ili boksi lionekane kubwa, na hata hizo ni za kwenye karatasi. Ile 150 ya N150 inahitaji chaneli, yaani njia ya mawimbi, yenye upana wa 40 MHz. Mitaa iliyobanana ya Mabatini au Igogo utaipata wapi? Ikishuka kwenye 20 MHz ukomo ni 72 Mbps hivi. 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na humohumo wamo majirani wote, Bluetooth na maikrowevu.

Muuzaji mmoja alinijibu kwamba 5 GHz haipiti mawe. Ni kweli inachoka haraka kwenye ukuta mnene, na mtu wa nyumba za miambani anaweza kuihitaji 2.4 kuliko mimi. Lakini adapta ya bendi mbili inashika zote! Mwachieni mteja achague.

Tena AC1200 mnaichomeka kwenye tundu la USB 2.0 ambalo mwisho wake ni 480 Mbps, hamsemi kitu. Draiva, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia adapta, mnaitoa kwenye kisidii, kompyuta yenyewe haina pa kukiingiza.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kumwambia mtu "inakubali zote" huku unajua nusu ya ruta yake haitaonekana, mimi naita kupotosha. Andikeni kwenye rafu: bendi, kiwango, aina ya USB. Na mruhusu mtu ajaribu kabla ya kulipa. Wakuu, mkienda na laptopu yenye Windows, chomekeni palepale kaunta, mkishaweka draiva fungueni Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na muandike netsh wlan show drivers. Isipotaja 802.11ac, 802.11ax wala 802.11a, hiyo haigusi 5 GHz. Msitoe hela.

Aliyepata AC600 au AC1200 ya kweli hapa Mwanza, aweke aina ya chipu na bei aliyonunulia. Watu wa Igoma na Nyegezi nao waseme huko wanauziwa nini.