Yogati ya kunywa yenye ladha: je, inamfaa mtoto kila siku?

Mzazi wa Nyalenda, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu vinywaji vya maziwa yaliyochachushwa vilivyotiwa ladha, hasa yogati ya stroberi na ya vanila inayouzwa katika chupa ndogo. Binti yangu wa miaka saba hubeba chupa ya mililita 250 kila siku ya shule, kwa kuwa maziwa freshi hayataki kabisa, nami sitaki akose kalsiamu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ameanza kuinywa jioni kwa sababu maziwa freshi humjaza tumbo gesi ilhali hii haimsumbui. Wasiwasi wangu ni kwamba mama ana kisukari. Nilipoisoma chupa vizuri niliona pameandikwa sukari gramu 12 kwa kila mililita 100, na juu yake pana picha ya stroberi tatu nono, lakini katika orodha ya viambato hakuna tunda lolote, ila ladha na rangi tu. Je, faida zinazotajwa za vinywaji hivi ni za kweli, na vinalinganaje na mala ya kawaida, yaani maziwa ya kuganda?

Fundi wa Maziwa, Njoro

Mama, umeuliza swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi, na umefanya vyema kuanzia kwenye orodha ya viambato, kwa maana picha ya chupani haina uzito wowote kwa mtu anayetafuta lishe.

Maziwa yanapochachushwa, bakteria hula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, ambayo ndiyo inayoyagandisha na kuyapa ule uchachu. Yogati hutengenezwa kwa aina mbili za bakteria wanaopenda joto la nyuzi 42 hadi 45, nao ni Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, ilhali mala hutumia jamii ya Lactococcus, ambao hufanya kazi polepole katika joto la kawaida la nyumba usiku kucha. Protini na kalsiamu zilizokuwa ndani ya maziwa hubaki karibu zote. Kwa hiyo mililita 250 za yogati halisi au mala humpa mtoto takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, na kwa upande huo hakuna anayeweza kusema kwamba faida hizo ni porojo.

Kuhusu mama mkwe wako, nafuu anayoipata ina maelezo. Watu wazima wengi hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, na laktosi isiyosagwa ikifika kwenye utumbo mpana huleta gesi na maumivu. Bakteria wa yogati walio hai huja na kimeng'enya chao wenyewe na kuendelea kuisaga laktosi ndani ya tumbo. Hii ndiyo faida iliyothibitishwa vizuri kuliko zote: mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliikubali, kwa sharti kwamba kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100, na mamlaka hiyohiyo ikayakataa madai mengi mengine ya kampuni kuhusu bakteria wa aina hii na kinga ya mwili.

Ila neno “hai” ndilo la kuzingatia. Chupa ikikaa miezi kadhaa kwenye rafu isiyo na friji, kuna uwezekano mkubwa kwamba maziwa yalichemshwa tena baada ya kuchachuka ili yasiharibike, na joto hilo huwaua bakteria. Kalsiamu itabaki, lakini ile nafuu ya tumbo itapungua sana.

Kisha angalia jina la bidhaa yenyewe. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula viitwavyo Codex, kinachoitwa “kinywaji” cha maziwa yaliyochachushwa kinaruhusiwa kuwa na asilimia 40 tu ya maziwa hayo, na kilichosalia kikawa maji, sukari, wanga wa kukifanya kizito, ladha na rangi. Chupa ya namna hiyo, hata ikiwa ya mililita 250, inaweza kumpa binti yako kalsiamu ya miligramu 120 hivi badala ya 300. Mimi hukasirika nikiona bidhaa hizo zimepangwa pamoja na yogati halisi, kwa bei zinazokaribiana na picha zilezile za matunda, mzazi aliyechoka akichukua ya kwanza anayoiona.

Mshauri wa Lishe, Kakamega

Nimshukuru fundi kwa maelezo yake. Ningependa tuhesabu sukari pamoja, kwa sababu hapo ndipo penye shida ya chupa hii.

Gramu 12 kwa mililita 100 ni jumla. Yogati isiyotiwa kitu ina gramu 4 hivi za sukari ya asili kwa kiasi hicho, kwa hiyo kama chupa yako ni yogati kamili, gramu 8 zinazobaki zimeongezwa kiwandani, na kama ni kile kinywaji cha asilimia 40, zilizoongezwa ni nyingi zaidi. Katika mililita 250 basi binti anakunywa angalau gramu 20 za sukari iliyoongezwa, ambazo ni vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,500 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 19. Chupa moja ya saa nne imekwisha kuvuka kiwango hicho, na bado hajafika kwenye chai ya jioni, mandazi na peremende. Meno nayo huumia, kwani sukari na asidi hukutana hapo pamoja.

Kuhusu kisukari, huenda umeona watu wakisambaza habari kwamba yogati huzuia ugonjwa huo. Msingi wake ni kwamba mnamo Machi 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kampuni kuandika kuwa kula yogati mara kwa mara, angalau vikombe viwili kwa wiki, huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, mradi waeleze pia kwamba ushahidi ni mdogo. Ruhusa hiyo inahusu kupunguza hatari ya kuupata ugonjwa. Mama mkwe wako, ambaye tayari anao, hawezi kuichukua kama kibali cha kunywa sukari iliyoyeyushwa, ambayo hupandisha sukari ya damu upesi. Mala isiyotiwa sukari, glasi moja, pamoja na chakula, inaweza kumfaa. Apime sukari saa mbili baada ya kula siku anazoinywa, aandike matokeo na kwenda nayo kliniki.

Na kwa kalsiamu ya mtoto, mama, wewe uko Kisumu. Omena, wale samaki wadogo, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo ni hazina ya kalsiamu. Sukuma wiki nayo inayo. Msiweke mzigo wote kwenye chupa moja.

Mfugaji wa Bahati, Nakuru

Nitaongeza la jikoni tu. Maziwa ya ng'ombe wangu huyachemsha hadi yafure, nikayaacha kwenye moto mdogo dakika chache huku nikikoroga, kisha huyapoza hadi yawe vuguvugu kiasi cha kidole kuvumilia bila taabu. Hapo huingiza vijiko viwili vya mala ya dukani isiyo na sukari, nikafunika sufuria na kuiacha mahali palipotulia hadi asubuhi. Msiruke hatua ya kuchemsha kwa kudhani kwamba uchachu utaua kila kijidudu, kwa sababu vijidudu vya brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, vinaweza kubaki hai katika maziwa mabichi yaliyoganda.

Ladha huitia wakati wa kunywa. Embe lililoiva sana, au ndizi mbivu, naliponda kwa uma mpaka lilainike kabisa, nikachanganya na mala baridi. Watoto wangu walikataa mwanzoni, basi nikawa nachanganya nusu ya yogati ya dukani na nusu ya mala, nikipunguza ya dukani kila wiki. Jirani zetu Wakalenjin hulea watoto kwa mursik, mala yao ya kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, chachu kweli na bila chembe ya sukari ya kuongezwa, na watoto huililia. Ulimi hufundishwa.

Mzazi wa Nyalenda, Kisumu

Nawashukuru sana nyote. Nimeitazama chupa tena na kweli imeandikwa “kinywaji”. Nitaanza na mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na mama nimemweleza, amekubali mala. Naomba kuuliza jambo moja zaidi: wiki hii binti ameendesha kidogo, na jirani ananiambia nimpe yogati hiyohiyo kwa wingi ili imtengeneze tumbo. Je, ni sawa? Na mama ameandikiwa dawa ya ciprofloxacin. Anaweza kuimeza na mala?

Mshauri wa Lishe, Kakamega

Usimpe hiyo yenye sukari nyingi, dada. Sukari nyingi huvuta maji kuingia kwenye utumbo na inaweza kuzidisha kuhara. Mpe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, pamoja na zinki iwapo kituo cha afya kitaona inamfaa, na aendelee kula chakula chake cha kawaida. Mala kidogo isiyo na sukari haina ubaya iwapo tumbo lake huikubali.

Mama asimeze ciprofloxacin pamoja na mala, yogati wala maziwa freshi, kwa sababu kalsiamu huishika dawa hiyo na kuizuia isiingie mwilini ipasavyo. Aimeze kwa maji, angalau saa mbili kabla ya mala au saa sita baada yake. Na binti akionekana na damu kwenye choo, akitapika kila anachokunywa, au macho yake yakibonyea, mpeleke kituoni siku hiyohiyo.