Naomba ushauri: baridi imeisha, kuku na farasi wote wanataka kutoka

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Baridi ndo imeisha, majani yanachipua kwa kasi na kazi zimenirundikia, banda la kuku linataka kusafishwa lote na kupigwa dawa ya utitiri, uzio wa farasi umelegea, na rundo la mbolea ya kuku toka baridi ianze bado lipo pale pale.

Farasi ni wawili, mmoja mzee na mnene. Majani mapya yana sukari nyingi na farasi akiachiwa ghafla anaweza kuvimba ndani ya kwato akashindwa hata kutembea, kwa hiyo nawatoa asubuhi mapema kidogo tu alafu nawarudishia nyasi kavu. Yule mnene ananuna balaa, anapiga mlango teke mpaka basi.

Kuku nawaachia wapekue mavi ya farasi wale funza wa nzi, na kweli nzi wanapungua. Ila chakula chao nakifungia mbali kabisa, maana baadhi ya dawa za koksidia (vijidudu vya tumboni vinavyoharisha kuku) zinazochanganywa humo zinaua farasi.

Sasa naulizia mambo mawili. Hiyo mbolea ya kuku naweza kuimwaga kwenye malisho sasa hivi au lazima ioze kwanza, na ikishamwagwa farasi wakae nje ya hapo muda gani? Na huyu mnene, kuna aliyewahi kumvalisha farasi wake kile kikapu cha mdomoni cha kumpunguzia kula majani, anakula vizuri au anasumbuka tu?