Naomba ushauri: ukumbi wa onyesho la ngoma hapa Phoenix

Habari zenu wakubwa kwa wadogo humu ndani. Kikundi chetu kiko Phoenix, Arizona. Wengi tumetokea Burundi na Kongo Mashariki. Tunataka kufanya onyesho la ngoma na igizo fupi, watazamaji kama 200, ila tumekwama kwenye ukumbi.

Kumbi ya Gammage ya kule Tempe, ile ya mviringo aliyoichora msanifu majengo Frank Lloyd Wright, inachukua watu 3,000 hivi. Tutaonekana kama punje za wali kwenye sufuria ya harusi! Orpheum ya mwaka 1929 inapendeza mno, dari lake kama mbingu, lakini nayo inazidi viti 1,300. Mesa Arts Center ina kumbi nne, hata ndogo zipo, na treni inashusha karibu. Wazee wetu wengi hawaendeshi gari.

Halafu kuna ngozi za ngoma zetu. Juni iliyopita, joto limepita nyuzi 40, ngoma ilikaa garini saa moja tu. Kuishusha, ngozi imechanika pembeni ya vigingi. Siku hizi tunapitisha kitambaa kibichi, lakini ikilowa kidogo tu, mlio unakuwa kama unapiga godoro.

Kwa aliyewahi kukodi ukumbi mdogo Mesa au Herberger (jumba la maigizo la hapa Phoenix): fundi wa taa na bima vimo ndani ya kodi, au vinalipiwa kando? Na ngozi mnaitunzaje kwenye ukavu huu, hasa ukumbi ukiwa na kiyoyozi?

Asanteni sana.