Mjadala: Je, SHA ilipie kipimo cha EGFR kabla ya kemo ya kwanza ya saratani ya mapafu?

MWANZISHA MADA (Kariobangi)

Mimi nasema SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, ilipie, na kipimo hicho cha jeni kitajwe kwa jina kwenye kifurushi cha saratani. Wenye maoni tofauti karibuni.

Shangazi yangu anauza mboga na hajawahi kuvuta sigara. Kikohozi kilipomshika alipewa dawa za TB, akazimeza miezi sita ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu. Hapa Nairobi kifua kikikataa kupona kila mtu huwaza TB kwanza, na siwalaumu sana, TB ipo kweli. Alipopigwa picha ya CT ndipo uvimbe ukaonekana. Akatolewa nyama kwa sindano, jibu likaja: adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani ya mapafu. Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ikaanza wiki iyo hiyo.

Hakuna aliyetutajia EGFR. Nilisikia habari zake kwa mama mmoja tuliyekaa naye benchi tukingoja zamu. Kuuliza, nikaambiwa kipimo kipo ila tujilipie. Ukoo ukachanga. Nikakabidhiwa kitalu cha nta chenye ile nyama ndani, nikakibeba kwa matatu hadi maabara nyingine, bahasha ya kaki nimeishika kwa mikono miwili. Nyama yenyewe ilikuwa nyembamba kama uzi, urefu haufiki ukucha wa kidole gumba. Majibu yalipotoka shangazi alikuwa ameshapata kemo mbili. Yalisema jeni ya EGFR imepungukiwa kipande kwenye eksoni (sehemu ya jeni) ya 19.

Kwa asiyejua: EGFR ni protini iliyopenya ukuta wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Kazi yake ni kupokea ishara ya kukua. Ishara hiyo, EGF, iligunduliwa na Stanley Cohen, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Ishara ikija seli hugawanyika, ikiisha seli hutulia. Jeni ikiharibika pale eksoni ya 19 au ya 21, protini hubaki inaamrisha "kua, kua" hata kama hakuna ishara. Vidonge vya gefitinib na erlotinib huziba mahali mkia unapochotea nguvu, amri ikakatika. Shirika la Afya Duniani liliingiza erlotinib katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, gefitinib ikitajwa kama mbadala wake. Basi tusiambiwe ni dawa za matajiri.

Tazameni pia saratani ya matiti. Huko watu wameshazoea kuuliza HER2, protini ya ukoo mmoja na EGFR. Mwaka 2025 serikali ilielewana na kampuni ya dawa ya Roche, dozi ya Herceptin, dawa inayoizuia HER2, ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na hizo 40,000 zikabebwa na SHA. Mgonjwa wa mapafu amekosa nini?

MUUGUZI (Kasarani)

Pole sana kwa shangazi. Lakini napinga.

SHA ilipoanza Oktoba 2024 ilitengea saratani shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Nimeona familia zikimaliza fungu hilo kabla mionzi haijaisha. Ukichomeka kipimo kingine ndani ya fungu lile lile, umepunguza kemo ya mtu. Na wengi wanatufikia saratani imeshasambaa. Unampa mgonjwa jina la badiliko la jeni, halafu kidonge hana uwezo nacho! Nimewaona wakilia na hiyo karatasi mkononi.

Wewe mwenyewe umetuambia ilipotea miezi sita. Mimi pesa ningezipeleka hapo: mtu akohoe wiki kadhaa, makohozi yawe safi, apigwe CT bila kuzungushwa.

FUNDI WA MAABARA

Nimekata vitalu vya aina hiyo miaka mingi, naomba nisahihishe jambo moja linalochanganywa. Protini ya EGFR kuwa nyingi si sawa na jeni kuharibika. Tukipaka slaidi rangi, uvimbe mwingi wa mapafu huonyesha EGFR tele, na kuna wagonjwa wanaodai kidonge kwa sababu ripoti imeandikwa "chanya". Wingi huo hautoshi kuamua. Uhusiano wa jeni hiyo na gefitinib ulijulikana mwaka 2004, na mwaka 2009 utafiti wa IPASS huko Asia ukaonyesha wazi: wenye badiliko la jeni walifaidika na gefitinib kuliko kemo, wasio nalo wakaumia kwa kupewa kidonge badala ya kemo. Kwa hiyo Muuguzi, kipimo kinamlinda hata yule asiyehitaji kidonge.

Ila Mwanzisha mada, SHA ikilipa leo bado tutakwama kwenye nyama. Inaletwa imekaa wiki nzima kwenye fomalini, maji ya kuhifadhia nyama, na DNA imeshakatikakatika. Au tunaimaliza sisi wenyewe, rangi hii, rangi ile, hadi kitalu kinabaki nta tupu. Rangi mbili, TTF-1 na p40, mara nyingi zinatosha kutambua aina ya saratani. Inayobaki iachiwe jeni.

MWANZISHA MADA

Hilo la fomalini sikulijua, na naliongeza kwenye dai langu. Muuguzi, CT ya mapema naitaka kama wewe. Lakini kipimo kilipiwe nje ya fungu la kemo, kama huduma ya maabara, na kianzie kwa wenye adenokasinoma. Gefitinib isiyo ya kampuni asilia inatengenezwa India. Shangazi anameza kimoja kila asubuhi baada ya uji, na mwezi uliopita alirudi kibandani kwake.

Daktari ameshatuonya kwamba siku moja kidonge kitashindwa, na hapo itatafutwa T790M, badiliko jingine la jeni hiyo linaloifanya saratani ishinde kidonge, kwa damu au kwa nyama mpya. Nimeanza kuweka akiba ya hicho kipimo cha pili. Jirani yake sokoni naye anakohoa tangu Pasaka, na yeye hana wa kumchangia.