Tupeane uzoefu: grafu ya ruta ya nyumbani ilikudanganya vipi, na chanzo ulikipataje?

Fundi wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya grafu za matumizi ya intaneti kwenye ruta zetu za nyumbani. Ilionyesha nini, ulihangaika wapi, na mwisho tatizo lilikuwa nini? Naanza na changu.

Nina ruta ya TP-Link niliyoiwekea OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, na programu ya collectd inakusanya takwimu kwenye mafaili ya RRD, ambayo huhifadhi vipimo kwa kufuata muda na ndiyo yanayochorewa grafu. Kwa kawaida mafaili hayo hukaa /tmp, yaani kwenye RAM, na huku kwetu umeme ukikatika historia yote inakwenda nao. Kwa hiyo niliyahamishia kwenye flashi ya USB. Jumamosi moja grafu zikawa tupu. Intaneti inapita vizuri, watoto wanaangalia katuni, simu zote ziko hewani, ila grafu ni nyeupe pe. Nikazima ruta nikawasha, tupu. Nikaondoa programu nikaiweka upya, tupu. Siku tatu nzima.

Siku ya nne ndipo nikaandika logread, amri ya kusoma kumbukumbu za ruta, kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho. Mstari mmoja ulikuwa unajirudia bila kuchoka: RRD inakataa kuandika kwa sababu muda inaoletewa uko nyuma ya muda wa mwisho iliokwisha kuandika. Na namba zenyewe zilikuwepo pale. Muda wa sasa ulianza na 1717, wa mwisho ulianza na 1748, zote za tarakimu kumi. Hizo ni sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970. Tofauti ni sekunde milioni 31 na ushei, ambazo ni kama mwaka mzima.

Nikakumbuka. Ijumaa usiku nilibonyeza kile kitufe cha kulinganisha saa ya ruta na saa ya kivinjari, na laptopu niliyoitumia mpwa wangu alikuwa ameisogeza tarehe mwaka mmoja mbele kwa ajili ya mchezo wake. Ruta ikaandika dakika chache za mwaka ujao, kisha NTP, huduma inayorekebisha saa kupitia mtandao, ikairudisha leo. RRD hairudi nyuma hata siku moja, ingekaa kimya mpaka tarehe ile ifike. Nikayaweka mafaili ya zamani pembeni, nikaanzisha collectd upya, na baada ya dakika chache mstari wa kijani ukaanza kutambaa kutoka pembeni. Nilifurahi mno.

Mwana wa Mikindani

Yangu nayo ilikuwa saa, ndugu yangu, ila ilinichukua muda zaidi kuishtukia. Asubuhi saa mbili, wanangu wakiingia kwenye masomo ya mtandaoni, grafu ilipanda na chini yake imeandikwa 02:00. Macho yangu yakasoma saa mbili, nikaridhika! Niliendelea hivyo karibu mwezi. Mpaka usiku mmoja, saa mbili vilevile, nikaona imeandika 14:00. Hapo nikajua ruta haihesabu saa za Kiswahili, imechelewa saa sita kamili.

Kwenye mpangilio wa majira nilikuwa nimeandika EAT+3, kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Kwa mtindo unaotumika humo alama inageuzwa: Afrika Mashariki huandikwa EAT-3. Ukiweka jumlisha, ruta inajiona iko upande wa pili wa Greenwich, kule Brazil. Tangu siku hiyo sisemi neno kuhusu nani alitumia intaneti usiku wa manane kabla sijahakikisha saa.

Kijana wa Kasarani

Sikilizeni hii, kwa sababu naamini iko kwenye nyumba nyingi zilizohama kutoka kifurushi kidogo kwenda kikubwa.

Ninatumia MRTG, programu ya kuchora grafu za mtandao, kwenye kompyuta ya zamani; inaiuliza ruta takwimu kwa SNMP, lugha ya kusimamia vifaa vya mtandao, kila dakika tano. Nikiwa na Mbps 40 (megabiti kwa sekunde) kila kitu kilikuwa sawa miaka miwili. Nilipopanda hadi Mbps 200, nikashusha faili kubwa, nikapima kasi: 196, 198, safi. Nikafungua grafu: 85. Nikarudia, 85 tena. Nikaanza kuamini kwamba kampuni inanionyesha kasi ya uongo kwenye kipimo na kunibana kwenye matumizi halisi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya malalamiko.

Kaka yangu aliyesomea mitandao akaniambia nikae na kalamu. Kaunta ya zamani ya SNMP, yaani namba inayojumlisha baiti zilizopita, ni ya biti 32, inafika baiti 4,294,967,295 kisha inarudi sifuri. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo Mbps 200 kwa sekunde 300 ni baiti bilioni 7.5. Maana yake kaunta inazunguka mara moja, inaendelea, na MRTG inaona tu kilichobaki baada ya mzunguko, yaani bilioni 3.2. Gawanya kwa 300, zidisha kwa 8. Mbps 85. Ile ile!

Kwa vipimo vya dakika tano, kaunta hiyo haiwezi kuonyesha zaidi ya Mbps 114 hivi. Dawa ni kusoma kaunta ya biti 64, ifHCInOctets, na lazima utumie SNMP toleo la 2c au la 3, maana toleo la 1 haliijui. Barua niliifuta.

Sauti ya Chang'ombe

Kifupi: grafu yangu ilikuwa kwa baiti, kifurushi kinahesabiwa kwa biti. Zidisha kwa nane kwanza. Nilipoteza wikendi.

Mama Wawili

Ruta yangu iko nyuma ya modemu ya LTE. Bando la GB 50 liliisha siku ya tisa, nikafungua takwimu za kila kifaa kwenye ruta, jumla yake GB 19. Nikapiga simu huduma kwa wateja mara mbili, na mara ya pili niliongea kwa ukali na yule dada. Kumbe niliwahi kuwasha kile kipengele cha kuongeza kasi kinachopitisha pakiti moja kwa moja kwenye chipu. Kwenye ruta yangu, kikiwashwa, trafiki nyingi haipiti machoni pa programu inayohesabu. Nikakizima, na kuanzia siku ile jumla ya ruta na salio la bando zikakaa karibu karibu. Kasi ilishuka kidogo, sawa tu. Nilipiga tena simu kuomba radhi.

Mgeni wa Sinza

Mkuu mwanzisha mada, hiyo flashi haichoki kwa kuandikwa kila wakati?

Fundi wa Tabata

Inachoka mkuu, ya kwanza ilikufa baada ya miezi kumi na moja. Sasa mafaili yamerudi /tmp, kroni, yaani ratiba ya kazi za kujiendesha, inayanakili kwenye flashi kila saa, na ruta ikiwaka inayarudisha kabla collectd haijaanza. Tena collectd naichelewesha mpaka NTP ijibu, kwa sababu ruta yangu haina betri ya saa na kisanduku cha faiba kinachukua dakika mbili tatu kuamka. Jana umeme umekatika mara mbili, nikapoteza dakika arobaini hivi. Mama Wawili, tafadhali tuwekee jina la kile kipengele kama lilivyo kwenye menyu yako, wapo watakaokitafuta.