Adabu ya kuchimba kwa detekta katika viwanja na bustani za mjini Unguja

Kijana wa Vuga ameuliza:

Assalaam alaykum. Ami yangu aliyeko Maskati ameniletea detekta, yaani mashine ya kugundulia metali zilizofukiwa ardhini. Nimeijaribu uani kwetu, na haikunitolea zaidi ya misumari na vizibo vya soda. Sasa natamani kuitumia katika sehemu za wazi za mjini, hasa Mnazi Mmoja, Maisara na Bustani ya Jamhuri, ambako watu wamekuwa wakikaa, wakicheza na kuangusha vitu vyao kwa miaka mingi. Sitafuti utajiri. Napenda sarafu za zamani, na pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash yenye picha ya mizani ingetosha kunifurahisha.

Ninalolihofia ni mashimo, kwa sababu viwanja hivi ni vya watu wote, na sitaki kuonekana kama niliyekuja kuvifukua. Naomba waliozoea kazi hii, au kazi ya bustani, wanieleze namna ya kuchimba kwenye ukoka bila kuuharibu, kina kinachotosha, na mtu wa kumwomba ruhusa kabla sijaanza.

Mtunza Ukoka amejibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Detekta sijawahi kuimiliki, lakini nimefanya kazi ya bustani muda mrefu, na shimo la kufuata pesa halina tofauti na shimo jengine lolote mbele ya majani.

Kabla ya kutia chuma ardhini, ipitishe mashine juu ya mahali ilipolia mara mbili kwa njia zinazokatana, ili ujue kitu kiko wapi hasa. Ukifanya hivyo shimo lako litakuwa dogo. Ikiwa mlio unaendelea kwa mstari mrefu badala ya kukaa mahali pamoja, uache, kwa sababu huo aghlabu ni bomba la maji au waya wa umeme wa taa za bustani, na anayeukata waya huo anahatarisha roho yake kabla ya kuharibu mali ya umma.

Usitumie jembe wala sululu. Chukua mwiko mwembamba wenye makali, ukate pande tatu za mraba na uache upande wa nne umeshikana na ardhi, kisha ulinyanyue bonge hilo na kulilaza upande uliobaki, kama anayefungua kifuniko cha kasha. Likate nene kiasi cha sentimita 8 hadi 10 ili mizizi itoke pamoja na udongo wake. Wengi hukata bonge jembamba na dogo wakidhani ndiyo huruma, kumbe ndilo linalokauka upesi, kwa kuwa mizizi yake imekatwa karibu yote. Udongo unaotoka chini uweke juu ya gunia au kitambaa, usiumwage juu ya majani, maana chembe zake zikishaingia kati ya ukoka hazitoki tena na shimo halitajaa sawasawa utakapofukia. Ukishapata ulichokitafuta, pitisha mashine tena ndani ya shimo na juu ya gunia, rudisha udongo wote, lifunike bonge, likanyage kwa uzito wako, kisha limwagilie maji. Chupa ya maji ni sehemu ya vifaa vyako.

Majira nayo yana hukumu yake. Baada ya mvua za masika au za vuli udongo huwa na unyevu, bonge hushikamana na majani hupona haraka. Wakati wa kiangazi, ukoka unapokuwa wa rangi ya manjano, usichimbe kabisa hata ukiwa na ruhusa, kwa sababu kila bonge utakalolinyanyua litabaki kovu hadi mvua irudi. Jiweke mbali pia na mizizi ya miti, na usiguse sehemu wanapochezea watu mpira, hata ukifukia vizuri namna gani, kwani udongo uliochimbuliwa huzama baada ya siku chache na mchezaji huweza kuteguka mguu hapo.

Vizibo na misumari utakayotoa usiirudishe shimoni. Ondoka nayo. Hilo peke yake litakufanya upendwe na wanaofagia.

Msomaji wa Mambo ya Kale amejibu:

Maelezo ya mzee wetu ni mazuri na sina la kuongeza kuhusu ukoka. Ila naona swali la ruhusa limeachwa nyuma, nalo kwa hapa kwetu ndilo la kwanza. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Zanzibar imekuwa na sheria ya kuhifadhi vitu vya kale tangu mwaka 1927. Kwa hiyo bustani ya Forodhani, iliyopo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, si mahali pa kwenda na mwiko, na ningekushauri uifute kabisa katika hesabu zako, hasa kwa vile ilitengenezwa upya mwaka 2009 na chini yake mna miundombinu mipya. Kwa maeneo mengine ya wazi anza na Baraza la Manispaa, uombe kwa maandishi, na uulize pia Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe ikiwa pahala hapo pamo ndani ya mipaka yake. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mlinzi wa geti haitakusaidia akija mwenye dhamana.

Nieleze kwa nini naling'ang'ania jambo hili. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa zimepigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii hii. Sarafu hizo hazina mwaka. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Kifatimi, yaani za utawala wa kale wa Kiislamu uliokuwa Misri, ambazo zina tarehe, na kwa kuwa zote zilikutwa mahali pamoja, dhahabu ilisaidia kutaja umri wa fedha. Fikiria angetangulia mtu mwenye detekta, akazichomoa dinari na kwenda zake. Sarafu ya kale iliyotengwa na wenzake hubaki kuwa kipande cha chuma chenye maandishi.

Kuhusu Mnazi Mmoja kuna jambo dogo ambalo huenda likapunguza tamaa yako. Sehemu ya eneo lile ilikuwa hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, nalo likafukiwa hatua kwa hatua. Udongo wa kujazia huja na takataka za kwengine, hivyo pesa utakayoiokota pale haielezi sana habari za pale. Mimi binafsi ningeona hiyo ni sababu ya kuanzia huko badala ya Bustani ya Jamhuri, ukipewa ruhusa, kwani hasara kwa historia ni ndogo zaidi. Hata hivyo kanuni yangu ni moja: ukikuta zaidi ya sarafu moja katika shimo moja, au vigae vya vyungu, shanga, au mfupa, simama, fukia, weka alama na uwaarifu watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Mtu wa Wete amejibu:

Nyongeza fupi kwa walio Pemba. Huku kwetu anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa sababu asiyekujua akikuona unazunguka na mashine atafikiri unatafuta hazina ya mtu. Pujini kwa Mkama Ndume na Ras Mkumbuu ni magofu ya kale, yasiguswe. Jihadhari pia na makaburi, ambayo mengine hayana hata jiwe na yanajulikana kwa wenyeji tu. Ufukweni ni rahisi zaidi kwa kuwa hakuna ukoka wa kuua, lakini shimo lifukiwe papo hapo wala usisubiri maji yajae. Mchanga uliolowa maji ya chumvi huifanya mashine nyingi ipige kelele bure, basi kaa kwenye mchanga mkavu.

Kijana wa Vuga amejibu:

Nawashukuru nyote. Nitaandika barua Manispaa kwanza, na Forodhani nimeifuta. Limebaki moja: nikiokota pete ya dhahabu au mkufu uliopotea mwaka huu huu, ambao si wa kale, nifanye nini?

Ustadh wa Kikwajuni amejibu:

Hiyo ni luqata, yaani mali iliyookotwa, na hukumu yake unaijua tangu chuo cha Kurani: kitu chenye thamani hutangazwa mwaka mzima, na mwenyewe akitokea akataja sifa zake, anapewa. Tangaza mlangoni mwa msikiti, si ndani, kwa kuwa kutangaza vilivyopotea ndani ya msikiti kumekatazwa, kisha utangaze kwa watu wa eneo ulipookota. Usiweke picha ya pete. Sema tu umeokota pete na umwache mdai aeleze jiwe lake, maandishi yake na ukubwa wake. Mjulishe na sheha ili uwe na shahidi.

Na kwa kuwa wapo wanaosema kila kilichozikwa ni rikazi, mtu anatoa khumsi, yaani moja ya tano, na kilichobaki ni chake, ifahamike kwamba katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, rikazi ni mali iliyozikwa kabla ya Uislamu. Pesa ya Barghash imepigwa mwaka 1299 wa Hijria na ina jina lake Sultani. Haiingii humo hata kidogo, na ikiwa ni ya kale kwa mujibu wa sheria ya nchi, basi waulize kwanza hao watu wa Makumbusho kabla ya kuitia mfukoni.

Mtunza Ukoka amejibu:

Mwanangu, ukipewa ruhusa niarifu hapa. Mwiko wangu wa zamani bado una makali na nitakuazima, ila siku ya kwanza nitakuja kukaa kivulini nikutazame unavyokata.